Nimeambiwa nichore ramani ya masomo, wenzangu wameficha skimu zao

Shikamoo Mwalimu,

Nakusoma siku zote ila sikuwahi kufikiri na mi ntakuja kuandika, maana unaowajibu wengi shida zao ni ndoa na viwanja, hii yangu ni ya kazini tu, ila usingizi unakata kweli.

Mi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule moja ya kata huku Singida, mwaka wangu wa sita. Mwaka huu mkuu wa shule kaniongezea na utaaluma, ile kazi ya kusimamia masomo ya shule nzima, madam aliyekuwa nao kahama kamfuata mumewe, nikabaki mi ndo nimesimama karibu.

Kilichoanzisha yote ni vekta, zile namba zenye ukubwa na mwelekeo, kama nguvu. Unajua fizikia ya kidato cha tatu inafunguka na matumizi ya vekta, wenyewe bado wako kwenye muhtasari wa zamani. Nikaingia darasani Januari na moyo mweupe, nikachora ubaoni mtu anavuta toroli kwa kamba, kamba imeinuka nyuzi 30, nikauliza nguvu inayosukuma toroli mbele ni ipi, nikaandika F kosaini 30. Kimya. Yaani kimya cha wale watoto wanaokuangalia wanakuonea huruma. Halafu mmoja nyuma akasema, "Madam, tunasaini wapi?" darasa likaangua kicheko na mi nikacheka, ila nilipouliza nani ameshafundishwa saini na kosaini ikanyooka mikono mitatu, na wote watatu ni waliohamia kwetu mwaka jana.

Trigonometri, mada yenye hizo saini na kosaini, iko kwenye hesabu za kidato cha pili, karibu na mwisho. Mzee wetu wa hesabu hakufika huko, aliruka akawapa seti na takwimu ili wapate maksi za mtihani wa Novemba. Na vekta zenyewe kwenye hesabu zinakuja kidato cha nne! Kwa hiyo mi nategemea kitu ambacho kilitakiwa kifundishwe kabla na hakikufundishwa, kufundisha kitu ambacho mwenzangu atakifundisha mwakani. Nikasimamisha fizikia wiki mbili nikafundisha hesabu. Machi ukaja mtihani wa ujirani mwema, shule nne, swali zima la kupinda kwa mwanga, sisi ndo kwanza tuko kwenye msuguano. Matokeo sitaki hata kuyaandika hapa.

Kwenye kikao cha tathmini nikaeleza hiyo habari ya vekta. Mkuu akaipenda kuliko nilivyotaka. Akasema, "Taaluma, nataka ramani ya mtaala wa shule nzima, nani anafundisha nini wiki gani, ikae sehemu moja kila mtu aione." Nikafurahi, nikaenda nyumbani nikatengeneza jedwali la Google zuri tu, kila somo na rangi yake, nikatupia linki kwenye grupu la stafu saa nne usiku, nikaandika naomba kila mwalimu ajaze skimu yake, ule mpango wake wa mwaka wa nini atafundisha wiki gani, mpaka Ijumaa. Mkuu akaweka dole gumba.

Ijumaa imepita, Ijumaa nyingine imepita. Tuko 19, waliojaza za kwao kweli ni wawili, wa Kiswahili na yule kijana anayejitolea. Wengine mara bando limeisha, mara simu yangu ni kitochi, na kitochi simjui mwenye nacho pale stafu. Mmoja kaweka skimu yenye jina la shule ya mkoa mwingine juu, hata hakufuta. Mzee wa hesabu yeye nilimfuata mwenyewe, kila siku baada ya kengele anakaa chini ya mwarobaini anasahihisha madaftari, nikamwambia Mzee naomba skimu yako niijaze mimi. Hakuinua hata kichwa. "Binti, skimu yangu iko kwa mkuu imesainiwa. Kamuulize mkuu." Na sa hivi nasikia maneno kwamba taaluma mpya anakusanya ushahidi wa kuwachongea watu kwa wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule.

Halafu kuna hili lingine. Mwaka jana niliweka skimu yangu ya kidato cha tatu kwenye grupu la walimu wa fizikia, nikasema atakayetaka achukue. Juzi nikaiona inauzwa, shilingi 5,000, jina la mtu mwingine juu na namba ya kulipia. Nimejua ni yangu kwa sababu niliwahi kukosea, wiki ya tano nimeiandika mara mbili, na ile wiki ya mahafali ya shule yetu imo vilevile. Sasa na mi najiuliza, wenzangu wanaobana za kwao pengine ndo wenye akili.

Na nisijifanye malaika. Ukifungua skimu yangu, safu ya mwisho ile ya maoni, kuanzia Januari hadi Novemba imeandikwa "mada imefundishwa na kueleweka". Niliijaza yote siku moja.

Nifanyeje Mwalimu? Nimwambie mkuu awape barua wajaze kwa lazima? Niache? Na huyu mwuza skimu nimfanye nini?

Madam Fizikia, Singida

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, tabia haiishi hata ukistaafu. Nimezungushia sehemu moja, na wewe mwenyewe umeiandika kwa kupita tu kama haina uzito: linki saa nne usiku, kwenye grupu ambalo mkuu yumo, na tarehe ya mwisho, na mkuu akaweka dole gumba. Hapo ndo ulipoteleza. Mzee na hao wenye vitochi walifuata baadaye.

Hebu fikiria skimu kwa mwalimu wa nchi hii ni kitu gani. Anaiandika Januari, mkuu anaisaini, inaingia kwenye faili, na mara ya pili anaitoa ni siku gari la wathibiti ubora limepaki chini ya bendera. Miaka yote hiyo hajawahi kuitoa ili mwenzake aisome. Ni leseni ile. Sasa wewe umesimama katikati ya barabara usiku, na bosi nyuma yako, unasema kila mtu atoe leseni, halafu unashangaa watu wanasema bando limeisha. Mi ningesema hata simu sina.

Na la pili, hata wangekupa zote 19 usingepata ulichokuwa unatafuta. Twende taratibu hapa maana ndo penyewe. Skimu ya Mzee ya mwaka jana ya kidato cha pili, nina hakika kabisa bila kuiona, ina trigonometri. Iko pale wiki fulani ya Septemba au Oktoba, imeandikwa vizuri, pengine na maoni kama yako, imefundishwa na kueleweka. Ungeijaza kwenye jedwali lako la rangi, na Januari ungeingia darasani ukaandika F kosaini 30 na kile kimya kingekuwa kilekile. Skimu inakwambia mtu alikusudia nini. Wewe unataka kujua watoto walipita wapi.

Hiyo ya pili imeandikwa, tena mara mbili. Kuna logi buku ya somo, ile yenye mada, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na sahihi. Na kuna jeno ya darasa, lile daftari kubwa monita anazunguka nalo kila mwalimu anasaini kipindi na kuandika alichofundisha, lina doa la chai na jalada limeshonwa na uzi. Hilo ndo la kweli kuliko yote pale shuleni, kwa sababu linajazwa palepale na hakuna anayelipamba. Wewe ni taaluma, madaftari ya mwaka jana yako kwenye kabati lako au kwenye stoo na vitabu vilivyoliwa na mchwa. Huhitaji kumwomba mtu yeyote chochote. Chukua la kidato cha pili mwaka jana, kaa nalo jioni moja, fuata vipindi vya hesabu na vya fizikia tu, uone.

Marekani huko jambo hili wana mtindo wao. Fenwick English alianza kuwauliza walimu mnafundisha nini kweli tofauti na kitabu cha wilaya kinavyosema, na miaka ya 1990 Heidi Hayes Jacobs akawaweka waandike kwa kalenda, mwezi kwa mwezi, halafu wasomeane. Leo wanauziana hadi programu za kompyuta za kazi hiyo. Mi nikisikia hivo nacheka, monita wetu anabeba kitu hichohicho kwapani kila siku na hakuna anayekisoma.

Nikupe kisa changu kidogo. Mi nilifundisha hesabu na jiografia, ila kwa muda mrefu shule moja nilikuwa na hesabu tu, jiografia ilikuwa na madam mwingine. Kidato cha tatu hesabu kuna Dunia kama tufe, latitudo, longitudo, tofauti ya saa. Nikawa nafundisha kwa mbwembwe, nimenunua chungwa nikalichora mistari kwa peni, siku tatu nzima niko kwenye saa tu. Siku ya tatu kijana mmoja akaniambia kwa adabu zote, "Sir, hii madam wa jiografia alitupa kidato cha kwanza, kila nyuzi 15 ni saa moja, kila nyuzi moja ni dakika nne." Nikauliza darasa, wote wanajua. Wote! Siku tatu na chungwa langu. Na ofisi yangu na ya yule madam zilikuwa zimetenganishwa na pazia. Siku ile ndo nilianza kumuuliza yuko wapi, si kwa sababu mkuu kasema, nilikuwa na mada nyingi zimenibana nikagundua mwenzangu amenilimia nusu shamba.

Nimekusimulia hicho kwa sababu Mzee wako pia amebanwa. Hujaniambia ana vipindi vingapi ila kwa shule ya kata mwalimu wa hesabu mmoja najua. Anakimbizana na mtihani wa kidato cha pili, anaruka trigonometri sababu ni ndefu na watoto hawajakaa sawa na pembetatu zinazofanana wala Pithagorasi, anawapa seti na takwimu zinazoeleweka haraka, maksi zinapatikana. Hajafanya ujinga, amefanya hesabu yake. Tatizo bili ya hesabu hiyo imeletwa kwako na hakuna aliyekwambia inakuja.

Sasa wewe unacho kitu anachokitaka na hujakiona. Wiki mbili zile ulizolalamikia! Umewafundisha kidato cha tatu saini na kosaini za pembetatu mraba. Hilo ni deni lake umelilipa. Usiende kumwomba skimu, nenda umwambie, Mzee, hawa wa kidato cha tatu nilikwama kwenye vekta nikawapa saini na kosaini, nilifika hapa na hapa, zoezi walilofanya ni hili, waliopata ni wangapi, waliokosa wanakosea hapa, ukifika kwenye kiporo chako usianzie mwanzo. Halafu nyamaza. Mtu wa hesabu akiambiwa kiporo kimepungua wiki mbili lazima atainua kichwa.

Akishainua muulize kitu kimoja tu: unaandikaje vekta? Sikutanii. Wewe utakuwa unaweka mshale juu ya herufi, yeye mwakani kidato cha nne atawapa i na j, na watoto walewale watadhani ni vitu viwili tofauti. Kwako wanabonyeza kikokotoo wanapata kosaini ya 30, kwake wanafungua fofiga, kile kijitabu cha majedwali ya hesabu, wanasoma safu, na mtoto anayeweza kwako akifika kwake anakwama, mnaishia kila mtu kumwita mtoto mvivu. Kubalianeni hata kwa mdomo, kwamba kwako pia watafungua fofiga mara moja moja. Hiyo ni ramani tayari, watu wawili, mada moja, na imewachukua robo saa.

Na kwa mwakani, kama trigonometri ikichelewa tena, usisimamishe fizikia wiki mbili. Kuunganisha vekta kwa pembetatu na kwa msambamba unaweza kufanya kwa mchoro wa kipimo, sentimita moja iwe nyutoni 10, rula na protrakta, hakuna kosaini hapo. Ile ya kuigawa vekta sehemu mbili ndo inadai kosaini, hiyo isogeze mbele mpaka Mzee akuambie tayari, na wewe umwambie mapema ukifika kwenye kupinda kwa mwanga utahitaji saini tena. Angekuwa anajua kwamba kuna mtu ameketi anaisubiri trigonometri yake labda isingekuwa ya kwanza kurukwa.

Haya, jedwali la Google. Liache, mwanangu. Ni zuri ila linaishi kwenye simu yako. Nunua karatasi za manila mbili. Chora wiki za mwaka juu, siku za masomo ni 194 kwa hiyo hazizidi wiki 39, na hapo mitihani, mahafali na Mwenge havijala za kwao, zitoe hizo mapema ubaki na wiki za kweli. Chini weka masomo mawili tu, fizikia na hesabu, kidato cha tatu tu. Andika kile kilichofundishwa, si kilichopangwa, na uweke alama ya rangi pale tu mnapogongana au mnaporudiana. Usijaze kila kisanduku, ukijaza kila kisanduku hakuna atakayesoma. Ibandike stafu pale penye chupa ya chai, maana pale ndo kila mtu anasimama dakika tano anasubiri kikombe. Wa kemia atakuja mwenyewe. Ataangalia, atauliza mbona hesabu wako huko, mi nataka uwiano kwa ajili ya moli. Mpe kalamu.

Ukishapata hapo piga picha manila, tuma kwenye grupu, picha moja haimalizi bando la mtu.

Yule aliyejaza skimu ya mkoa mwingine na jina la shule juu, usimtaje popote. Unajua na yeye anajua. Na ukitaka kuwa mkweli, karibu nusu ya skimu za stafu yenu zimetoka kwa watu wa aina ya huyo wako anayeuza kwa 5,000, ndo maana wanazificha, wanaona aibu wala si wivu. Mtu hawezi kukueleza kitu ambacho hajakiandika.

Kwa hawa wa chini walioanza mtaala ulioboreshwa wa 2023 jihadhari, usiwanakilie ramani ya kaka zao. Muhtasari mpya haukupangwa kwa mada na malengo kama ule wa zamani, umepangwa kwa umahiri mkuu na umahiri mahususi, na shughuli za mwanafunzi, na mtiririko si uleule. Chukua wa fizikia na wa hesabu, TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, wameweka mtandaoni, viweke mezani ubavu kwa ubavu. Utaona kitu kilekile kimeitwa majina mawili tofauti kwenye masomo mawili, na hapo ndo walimu wanapopishana bila kujua. Hiyo kazi ya kusoma viwili kwa pamoja hakuna skimu ya kununua itakufanyia. Na ndo nafasi yenu kwa kweli, maana hawa wadogo bado hamjawaharibia mpangilio.

Kwa mkuu, hapana, asitoe barua. Barua ikitoka utaletewa skimu 19 safi sana za uongo. Mwombe vitu viwili. Cha kwanza aseme mbele ya watu kwamba ile manila haitatumika kumhoji mtu kwa nini yuko nyuma, na aseme yeye, si wewe. Cha pili akupe saa moja ndani ya ratiba. Mna MEWAKA, ile ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo walimu wa shule moja mnatakiwa mkae mjifunze kwa mwenzenu, na shule nyingi inaishia kusaini mahudhurio na kunywa soda. Saa hiyohiyo iwe ya manila. Akikataa la kwanza, basi usibandike ukutani, fanya na Mzee tu kimyakimya kwenye daftari, hata hivo fizikia yako itapona.

Ujirani mwema ni rahisi kuliko unavyodhani. Kabla mtunzi hajatunga, kila mwalimu wa fizikia wa hizo shule nne atume mstari mmoja, mada ya mwisho aliyoimaliza. Si aliyoifikia, aliyoimaliza. Mtunzi anatunga hadi pale palipo chini kabisa. Sisi tulikuwa tunafanya hivo kwa kumtuma mtu na baiskeli, nyie mna simu.

Huyo mwuza skimu sasa. Amefanya vibaya, sitamtetea, jasho ni lako hata kama mada ni za TET. Mpigie, namba si kaiweka mwenyewe? Mwambie kwa upole kwamba wiki ya tano ziko mbili, na kwamba shule zote zilizonunua kwake zinajiandaa kufanya mahafali siku ya shule yenu. Ataiondoa au ataikarabati, vyovyote, na wewe next taimu weka jina la shule kila ukurasa. Lakini usiache kugawa. Ila badili unachogawa. Yule anaweza kuuza skimu kwa sababu ni karatasi ya kuonyesha, haimhusu mtoto yeyote. Ungeweka kwenye lile grupu kwamba vekta nilipanga wiki tatu zikawa tano, watoto walikwama kwenye kosaini, mchoro wa kipimo ulisaidia, 11 kati ya 48 bado hawajaweza, hakuna ambaye angelipia 5,000 kwa hiyo, na kila mwalimu wa kidato cha tatu angeisoma mara mbili.

Na hiyo iandike kwanza kwenye safu yako ya maoni. Na mi niliandika imefundishwa na kueleweka miaka mingi tu, kalamu inajua njia yenyewe. Kazi yangu yote mkaguzi alisoma maoni yangu mara moja tu, siku niliyokuwa nimeandika nusu ya darasa hawajaelewa logi, yaani logarithimu, na nimeishiwa mbinu. Aliweka miwani mezani akaniuliza, "Sasa umefanyaje?" Nikamweleza nimemwomba mwenzangu wa kidato cha nne aje awafundishe kipindi kimoja. Akavuta kiti. Hizo nyingine zote alikuwa anapiga tiki tu.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya kengele, nenda mwarobaini. Simu iache ofisini. Beba daftari la yule mtoto wa "tunasaini wapi", lenye zoezi alilofanya baada ya zile wiki mbili, ukae chini kwanza, umwamkie Mzee, umsubiri amalize daftari analosahihisha. Akikwambia tena kamuulize mkuu, mwambie mkuu hajui kosaini. Halafu niandikie alisema nini.